Beryl Markham: Manzi wa Njoro Aliyewafunza Farasi Kushinda

Wasee wengi wanamjua Beryl Markham kwa kuvuka Atlantiki solo na ndege 1936, kutoka Uingereza. Poa. Lakini ndege zilikuwa za miaka michache tu. Farasi ndio walikuwa maisha yake.

Alizaliwa Uingereza 1902, akaletwa Kenya akiwa mtoi, akalelewa Njoro kwa mazizi ya farasi ya babake. Mambo yalipoenda mrama shambani, buda akahamia Peru. Beryl akabaki. Akiwa na miaka kama 18 hivi, akachukua leseni ya kufunza farasi wa mbio, mwanamke wa kwanza Kenya kuwa nayo.

Na usidhani hii kazi ni kuchapa farasi akimbie. Unaamka kabla jua litoke, unapapasa miguu yake ukitafuta joto. Kano ikiwa moto, leo hakimbii, hata mwenyewe apige kelele aje. Ukimharakisha umemmaliza. Beryl anasimulia kwa kitabu chake vile alipokea Wise Child, farasi jike ambaye miguu ilikuwa ishaharibiwa na mafunzo ya mapema. Akaenda naye mdogo mdogo. Wise Child akabeba St Leger hapa Nairobi, na hiyo miguu yake mibovu.

Miaka ya 50 Beryl alirudia kazi, akashinda Kenya Derby mara sita. Alifariki 1986, akiwa na miaka 83. Nyumba yake? Hapo tu Ngong Racecourse, karibu na farasi.