Intaneti ikikwama, usikimbilie kwa fundi

Jumapili ya Mei 12, 2024, binti yangu alikuwa akijaza fomu ya kuomba ufadhili wa masomo katika chuo kimoja cha ng'ambo. Makataa yalikuwa usiku wa siku iliyofuata. Alipofika ukurasa wa tatu, kompyuta ilianza kuzungusha kile kiduara chake, ikakataa kwenda mbele wala kurudi nyuma. Tuliizima, tukaiwasha. Tuliitoa chumbani tukaileta sebuleni. Mwishowe, kwa ile hofu ya mzazi, niliibeba hadi kwa fundi wa mtaani. Aliitazama kwa dakika kumi, akasema ina virusi, akanitoza Sh1,500.

Kompyuta haikuwa na virusi hata kimoja. Siku hiyo kebo mbili za mawasiliano, EASSy na SEACOM, zilikuwa zimekatika chini ya bahari karibu na pwani ya Afrika Kusini, na eneo zima la Afrika Mashariki lilitatizika. Iwapo ningefahamu njia ambayo fomu ya binti yangu ilipaswa kupitia, pesa zangu zingebaki mfukoni. Kwa hivyo, msomaji, hebu leo tuifuate njia hiyo pamoja, hatua kwa hatua.

Tuanzie nyumbani kwako. Kile kisanduku kinachomemeta taa pale ukutani huitwa ruta. Kazi yake ni kupokea ujumbe kutoka kwa simu na kompyuta zenu na kuupeleka nje, kisha kurudisha majibu kwa yule aliyeuliza. Sasa shika jambo hili, kwa maana huwapotosha wengi: zile alama za waifai kwenye simu yako hukuonyesha tu jinsi simu inavyosikilizana na kisanduku hicho. Alama zinaweza kujaa pomoni ilhali waya wa nje umekatwa na mjengo wa barabara.

Kutoka kwa ruta, ujumbe huenda kwa kampuni inayokuuzia huduma. Kampuni hiyo nayo ina mtandao wake, ulioungana na mitandao ya kampuni nyingine, vyuo, benki na serikali. Intaneti ni huo muungano wa mitandao. Haina makao makuu wala mwenyewe mmoja. Kinachoiwezesha kufanya kazi ni makubaliano kuhusu jinsi mashine zinavyosalimiana na kupokezana mizigo. Kanuni zinazotumiwa hadi leo zilianza rasmi Januari 1, 1983, katika mtandao wa Marekani ulioitwa ARPANET. Mtandao huo wenyewe ulituma ujumbe wake wa kwanza Oktoba 29, 1969, kutoka chuo kikuu cha UCLA hadi taasisi ya utafiti ya Stanford. Walitaka kuandika neno "login". Herufi L na O zilifika, kisha mashine ya upande wa pili ikazima. Kukwama, basi, hakukuanza jana.

Je, mzigo wenyewe husafiri vipi? Chukulia una kitabu cha kurasa 300 unachotaka kimfikie ndugu yako Kisumu. Badala ya kukituma kizima, unakichana, kila ukurasa unautia katika bahasha yake, unaandika anwani na nambari ya ukurasa, kisha unazigawa bahasha kwa matatu mbalimbali. Nyingine zitapitia Nakuru na Kericho, nyingine Narok na Kisii. Barabara ya Kericho ikifungwa, zilizosalia zinaelekezwa kwingine. Ndugu yako akizipokea anazipanga kwa nambari, na akikosa ukurasa wa 87 anakuomba umtumie huo peke yake.

Hivyo ndivyo intaneti inavyofanya. Kila bahasha huitwa pakiti, na kwa kawaida haizidi baiti 1,500, kwa hivyo picha ya megabaiti tatu hukatwa vipande kama 2,000. Ruta za njiani hazijui safari nzima. Kila moja, kama makanga wa stendi, hujua tu gari lipi linaelekea upande ule.

Anwani kwenye bahasha ni nambari. Lakini ni nani awezaye kukariri nambari za kila mahali anakotembelea? Wewe huikumbuki nambari ya simu ya mama mboga wako. Unatafuta jina lake, simu inapiga. Intaneti nayo ina orodha yake, iliyogawanywa kati ya mashine nyingi duniani. Ukiandika jina linaloishia kwa .ke, kompyuta yako kwanza huuliza orodha hiyo, "Huyu nambari yake ni gani?" Baada ya kujibiwa ndipo huanza safari. Orodha ikikosa kujibu, utadhani dunia nzima imezimika.

Kwa sisi Wakenya, sehemu tamu ya hadithi hii iko barabarani. Kabla ya 2009 pwani yetu haikuwa na kebo hata moja ya faiba ya kutuunganisha na intaneti ya dunia. Pakiti zilirushwa hadi kwenye setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu ya ardhi, zikateremshwa Ulaya au Marekani. Safari hiyo ya kupanda na kushuka pekee humeza karibu robo ya sekunde, na gharama yake ililipwa kwa pesa za kigeni. Ajabu ni kwamba hata barua pepe kutoka ofisi moja ya Nairobi hadi nyingine ng'ambo ya barabara, iwapo zilihudumiwa na kampuni tofauti, iliweza kuzunguka hadi ughaibuni na kurudi! Mwishoni mwa 2000 kampuni hizo zilianzisha kituo cha kubadilishana mizigo hapa hapa Nairobi, KIXP. Kilifungwa baada ya muda mfupi kufuatia malalamiko kwamba kilikiuka haki za kampuni ya simu ya taifa, kikafunguliwa tena 2002. Miaka ile iliyopotea kwa mabishano bado hunikera.

Kisha 2009 zikaja kebo za SEACOM na TEAMS, hii ya pili ikitandazwa kutoka Fujairah, Umoja wa Falme za Kiarabu, hadi Mombasa. Ndani ya kebo mna nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, zinazopitisha mwanga kwa kasi ya kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Kwenye kilindi, kebo nzima si nene kuliko mpira wa kumwagilia bustani. Februari 2012, meli iliyokuwa ikisubiri kuingia bandari ya Mombasa iliteremsha nanga mahali pasiporuhusiwa, ikaikata TEAMS.

Sasa urudi nami sebuleni kwangu. Ningalianza kwa kujaribu simu nyingine kwenye waifai ile ile. Simu zote zikikwama, kompyuta haina hatia. Kisha ningezima waifai na kujaribu bando la simu, ambalo aghalabu hupitia kampuni nyingine. Bando nalo likisuasua kwa kurasa za ng'ambo, ilhali gazeti la hapa nchini lafunguka vyema, tatizo liko mbali, huenda baharini.

Mwanangu mdogo ndiye aliyetuchanganya zaidi. Usiku ule alikuwa akitazama video za kandanda bila shida, nasi tukasema, "Mbona yake inafanya kazi?" Hatukujua kwamba kampuni kubwa huweka nakala za video zinazopendwa sana katika mashine zilizo hapa hapa Nairobi. Fomu ya chuo haina nakala kama hiyo. Lazima pakiti zivuke bahari.

Na pakiti hizo hazikuwa zimekosa njia kabisa. Kebo zilizosalia ziliendelea kuzibeba, ila msongamano ulikuwa kama wa Thika Road jioni ya mvua. Binti yangu aliamka saa tisa usiku, watu wakiwa wamelala. Ukurasa wa tatu ulifunguka, kisha wa nne, na kabla ya adhana ya alfajiri fomu ilikuwa imefika. Nilipomrudia fundi kudai pesa zangu, aliniambia kwamba virusi vilikuwepo, ila yeye alishaviua.