Mwigizaji Ambaye Hakuisubiri Runinga: Amandina Lihamba (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulimfuata Ruth Cracknell wa Australia. Alizaliwa Maitland mwaka 1925, akaanzia kwenye michezo ya redio, akapanda majukwaa ya Sydney kuigiza Shakespeare, kisha akaingia katika sebule za watu wa nchi yake kwa nafasi ya Maggie Beare, mama mzee anayepoteza kumbukumbu, katika mfululizo wa Mother and Son uliorushwa na shirika la ABC tangu 1984 hadi 1994. Gazeti lilipotoka, mwalimu niliyewahi kufundisha naye alinisimamisha pale sokoni Singida, mfuko wa mbegu za alizeti begani, akasema: "Mwalimu, huyo mama nimempenda. Sasa wa kwetu ni nani?"

Nilikuwa nimepanga leo niendelee na waigizaji wa Australia. Swali lile limenigeuza njia, na sijuti.

Kabla ya kumtaja mtu, tuangalie kwanza chombo. Australia ilianza kurusha televisheni mwaka 1956. Kwa hiyo mwigizaji wa kizazi cha Cracknell alikuwa na ngazi ya kupanda: redio, jukwaa, kisha kioo. Zanzibar nao walianza kuona picha za rangi mapema katika miaka ya 1970, wakati majirani wengi wa Afrika hawajaota jambo hilo. Lakini Tanzania Bara ilikaa bila kituo hata kimoja cha televisheni mpaka mwaka 1994. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona televisheni kuwa anasa kwa nchi ambayo vijiji vyake vingi havikuwa na maji ya bomba wala zahanati. Hata baada ya vituo vya kwanza kuanza Dar es Salaam, sisi wa huku katikati ya nchi tuliendelea kuinamia redio. Ukitaka kuona picha ulihitaji dishi, na dishi lilikuwa la watu wachache.

Maana yake ni kwamba mwanamke wa Bara aliyezaliwa miaka ya 1940 akiwa na kipaji cha kuigiza hakuwa na runinga ya kumtangaza mpaka alipofika umri wa miaka hamsini. Angefanya nini na kipaji hicho? Amandina Lihamba, mzaliwa wa Morogoro vijijini mwaka 1944, amelijibu swali hilo kwa maisha yake yote, na kwa maoni yangu jibu lake ni kubwa kuliko umaarufu wa kwenye kioo.

Wengi wanamjua kama profesa, na ni kweli. Kwa miaka mingi alifundisha katika idara ya sanaa za maonyesho ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaiongoza idara hiyo, akawa mkuu wa kitivo, akakaa katika baraza la chuo. Shahada yake ya uzamivu aliipata Leeds, Uingereza, mwaka 1985, kwa utafiti kuhusu siasa na maonyesho ya jukwaani nchini Tanzania tangu Azimio la Arusha la 1967 hadi 1984. Lakini cheo cha uprofesa kisitufiche mwigizaji. Huyu ni mtu aliyesimama jukwaani mwenyewe, akaongoza michezo, akaandika michezo, na alipoandika kitabuni kuhusu jukwaa alikuwa anaandika juu ya mbao alizozikanyaga.

Aliingia katika sanaa wakati Kiswahili cha jukwaani kinatafuta miguu. Ebrahim Hussein alikuwa ametoa Kinjeketile mwaka 1969. Penina Muhando alifuatia na Hatia mwaka 1972. Mashuleni na katika mikutano ya chama ngonjera zilitawala, na kila sherehe ya kiserikali ilikuwa na kikundi cha kuimba sifa za Azimio. Hapo ndipo palipokuwa na kazi ngumu kwa msanii mwenye akili: aipende nchi yake na shabaha zake, na bado aseme pale mambo yanapokwenda mrama.

Mwaka 1980 alichapisha Hawala ya Fedha, tamthiliya iliyotokana na hadithi ya Sembène Ousmane wa Senegal. Ngoja nikae hapa kidogo, maana ni kazi ninayoipenda. Katika hadithi ya Sembène, mzee Ibrahima Dieng wa Dakar anapokea hawala kutoka kwa mpwa wake anayefagia barabara za Paris. Fedha zipo posta, jina lake limeandikwa, lakini hawezi kuzichukua bila kitambulisho. Kitambulisho kinataka cheti cha kuzaliwa. Cheti kinataka tarehe, na mzee hajui tarehe. Inatakiwa picha, inatakiwa stempu, anatakiwa mtu anayemjua mtu. Wakati huo majirani wameshasikia kuna hawala, na kila mmoja anakuja kukopa fedha ambazo bado hazijashikwa. Mwishowe jamaa yake mwenye suti na maneno matamu anamsaidia, na msaada huo unazimeza fedha zote.

Fikiri hadithi hiyo ikitua Tanzania mwaka 1980. Vita vya Kagera vimekwisha mwaka mmoja tu uliopita. Sukari ni ya foleni, sabuni ni ya foleni, na nyuma ya kila foleni yupo mtu mwenye ufunguo wa stoo. Mtazamaji hakuhitaji kuelezwa Dakar iko wapi. Nami naamini ndiyo sababu Lihamba aliichagua. Hakuwa anatafsiri kitabu cha kigeni ili tujifunze mambo ya Wasenegali. Alikuwa ameona kwamba mzee yule amesimama pia kwenye kaunta zetu. Hata leo, mzee wa Sepuka au Mgori aliyezungushwa ofisi hadi ofisi kwa sababu jina la kwenye kadi ya kupigia kura haliendani na la cheti cha ubatizo, mpe tamthiliya hii, atakwambia mwandishi alimfuata nyuma.

Miaka miwili baadaye ikatoka Harakati za Ukombozi, iliyoandikwa na wanawake watatu: Lihamba, Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, huyu wa mwisho akiwa jirani yetu wa Dodoma, mwandishi wa riwaya ya Shida. Mwaka 1992 akatoa Mkutano wa Pili wa Ndege.

Lakini ukiniuliza ni wapi hasa uigizaji wake ulipofikia kilele, sitakutajia kitabu. Nitakutajia Malya.

Malya iko Kwimba, Mwanza. Mwaka 1982 na 1983 Lihamba, Penina Mlama (ndiye huyo huyo Muhando) na Eberhard Chambulikazi walikwenda huko kutoka chuo kikuu. Hawakwenda na mchezo uliokwisha kuandikwa, kama ilivyokuwa desturi ya vikundi vya mjini vinavyoshuka kwenye lori, kuigiza saa moja, kula pilau na kuondoka. Walikwenda kukaa. Walizungumza na wanakijiji, wakawauliza ni nini kinawasumbua, na likaibuka suala la vijana wasio na kazi na mabinti wanaopata mimba wakiwa bado wadogo. Kisha wanakijiji wenyewe wakaanza kuligeuza suala hilo kuwa ngoma na maigizo, kwa sanaa zao za Kisukuma, na watu wa chuo wakiwa wasaidizi tu. Onyesho lilipokwisha, mjadala ukaanza pale pale uwanjani. Kazi za namna hiyo zikafanyika pia Msoga mkoani Pwani na Mkambalani mkoani Morogoro, na Mlama akazieleza katika kitabu alichokitoa mwaka 1991.

Tafakari ugumu wake kwa mwigizaji. Mwigizaji hufunzwa kuvuta macho. Hufunzwa namna ya kusimama ili mwanga umpate na namna ya kutupa sauti imfikie aliyekaa nyuma kabisa. Hapa mwigizaji mwenye mafunzo yote hayo anaamua kukaa kando ili mkulima asiyewahi kupanda jukwaa asikike. Cracknell alipewa taifa zima limtazame, akastahili. Lihamba aliitumia sanaa ile ile kuwafanya wengine watazamwe. Sisemi mmoja amemzidi mwenzake. Nasema chombo walichokuta kila mmoja nchini mwake kilimfundisha njia tofauti.

Njia hiyo ikamfikisha kwa watoto. Yeye na Mlama walianzisha mradi wa maonyesho ya watoto chuoni, na mwaka 1996 ukazaliwa Tuseme, kwa kushirikiana na FAWE, shirika la wanawake waelimishaji wa Afrika. Jina lake linaeleza kila kitu. Wasichana wa sekondari hukaa pamoja, hutaja wenyewe kinachowakwamisha masomo, iwe ni kazi za nyumbani zisizoisha, wanaume wanaowavizia njiani, au mwalimu anayewadharau, kisha hutunga igizo na kuliweka mbele ya hao hao wanaohusika. Kutoka shule chache za Tanzania, mbinu hiyo ilienea katika nchi nyingi za Afrika.

Sasa ndipo linapokuja jambo ambalo limenifanya nimpende zaidi mama huyu. Kamera nayo haikumpita. Mwaka 1985 alicheza katika Arusi ya Mariamu, filamu fupi ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill kuhusu mwanamke mgonjwa ambaye hospitali imeshindwa kumponya na anatakiwa aende kwa mganga wa jadi, mahali anapopaogopa. Kisha mwaka 2001 ikatoka Maangamizi, ya Martin Mhando na Mulvihill, ambayo Tanzania iliipeleka kushindania tuzo za Oscar, na ilikuwa mara ya kwanza kwa nchi yetu kufanya hivyo. Humo daktari Mmarekani mweusi, aliyechezwa na BarbaraO, anafika katika hospitali ya wagonjwa wa akili na kumkuta mwanamke ambaye kwa miaka mingi hajatamka neno. Mgonjwa huyo anaitwa Samehe, na aliyemcheza ni Lihamba.

Mwanamke aliyewafundisha wasichana wa nchi nzima kusema, kwenye filamu yake mashuhuri kuliko zote anacheza mtu aliyenyamaza. Mtu aliyezoea jukwaa, mahali ambapo sauti ni nusu ya kazi, anapokonywa sauti na kuachiwa uso, shingo, na namna ya kukalia kitanda. Wengi waliolelewa na jukwaa hushindwa mbele ya kamera kwa sababu hufanya mambo kuwa makubwa mno, na kamera iko hatua mbili tu kutoka puani mwao. Yeye alipunguza. Na mtazamaji wa Kiswahili anapata kitu ambacho mgeni anayesoma maandishi ya chini hakipati: kila anayemwita mgonjwa yule kwa jina anampa amri. Samehe. Daktari anaisema, wauguzi wanaisema, na yule anayeamriwa hajibu. Nadhani mtu aliyekaa Malya na kusikiliza mabinti wakitafuta maneno ya kusema yaliyowapata ndiye aliyeweza kuucheza ukimya ule. Alikuwa ameshauona kwenye nyuso za watu.

Nilisema nitamjibu mwalimu mwenzangu, basi nimalizie kwa jambo la hapa kwetu, maana hata sisi tulinufaika na njia hii bila mwenye njia kutujua.

Miaka ile nilipokuwa nafundisha Kiswahili katika shule moja ya upande wa Ilongero, tulijaribu kuifuata mbinu hiyo kwa kuisoma tu. Wasichana wa kidato cha pili walitunga igizo kuhusu baba anayemwozesha binti yake kwa ng'ombe wakati matokeo ya mtihani hayajatoka. Hawakutaka mvulana awasaidie. Baba alichezwa na msichana mwembamba, amejitanda mgolole, fimbo mkononi, na alimwiga baba wa Kinyaturu hata namna ya kukohoa kabla ya kutamka jambo zito. Wazazi walikaa chini ya mti, wazee mbele kwenye mabenchi ya darasani. Igizo lilikwisha na binti ametolewa, ng'ombe wamehesabiwa. Nikasimama kuwaomba wazazi watoe maoni.

Hakuna aliyenitazama mimi. Mzee mmoja wa mstari wa mbele aliinuka taratibu kwa kujishikilia fimbo yake, akamgeukia yule msichana aliyekuwa bado amevaa mgolole, akamwambia kama mtu anavyomwambia jirani yake: "Ndugu yangu, umekosea. Wale ng'ombe wawili wa mwanzo nawajua, watakufa kiangazi hiki. Mtoto ulikuwa ukae naye."

Msichana hakucheka. Alikohoa kwanza, kama baba, akajibu: "Mzee, na wewe wa kwako yuko wapi?"

Mjadala ule ulituchukua mpaka jua linazama.

Juma lijalo, sehemu ya tatu: Penina Muhando na nguzo ya Patata.