Fomu Inapomwaga Siri Kwenye Anwani

Fomu ya wavuti ina njia mbili za kupeleka ulichojaza, na ile ambayo kivinjari huichukua kisipoelekezwa ndiyo inayoanika ulichoandika. Huitwa GET. Ukibonyeza kitufe cha kutuma, kivinjari hukusanya majina ya visanduku na ulichoandika ndani yake, kikayaunganisha kwa alama ya &, kisha kikaubandika mnyororo wote mwishoni mwa anwani ya ukurasa, baada ya alama ya kuuliza. Nafasi kati ya maneno hugeuka alama ya kujumlisha, na ile @ ya barua pepe hugeuka %40. Asha akijaza jina na nenosiri ili aingie kwenye akaunti yake, juu ya kioo atakuta kitu cha namna hii:

/ingia?jina=asha&nenosiri=Chungwa77

Njia ya pili ni POST. Data ni zile zile na seva ni ile ile, ila sasa zinasafiri ndani ya ombi lenyewe na anwani inabaki /ingia tu. Fikiria mzigo unaotumwa kwa basi: jina na namba ya simu ya mpokeaji huandikwa juu ya boksi kwa maka peni, na kila anayelishika, kuanzia kondakta hadi mpakuzi, huyasoma. GET huandika hata yaliyomo juu ya boksi. Kwa mtengenezaji wa tovuti, tofauti yote iko kwenye maneno mafupi ndani ya msimbo wa fomu: method="post". Yakisahaulika, kivinjari hakilalamiki. Kinatumia GET, data zinafika, fomu inafanya kazi vizuri kabisa. Ndiyo maana kosa hili huishi miaka: halivunji chochote ambacho mwenye tovuti angekiona.

Anayeumia ni aliyejaza. Watu wengi hapa kwetu Tanzania hujaza fomu muhimu kwenye kompyuta ambazo si zao, za steshenari au za saiba. Kivinjari hutunza anwani zilizotembelewa katika historia yake, na huzipendekeza mtu anapoanza kuandika. Mteja anayefuata akiandika herufi tatu za kwanza za tovuti ile ile, anwani ya aliyemtangulia inaweza kujitokeza ikiwa kamili, na namba zake zote. Tena namba zenyewe zinasema mengi. Namba ya kitambulisho cha taifa inayotolewa na NIDA ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Anayeisoma kwenye upau wa anwani amejua umri wa mtu bila kuuliza.

Upande wa pili wa waya mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu huko aliyejaza haoni kinachotokea. Seva za kawaida, Apache na nginx zikiwemo, huandika kila ombi kwenye faili la kumbukumbu, na kwa mipangilio yake ya mwanzo huandika anwani pamoja na kila kilichofuata alama ya kuuliza. Mstari wa Asha utasomeka hivi:

"GET /ingia?jina=asha&nenosiri=Chungwa77 HTTP/1.1" 200

Yaliyokuja kwa POST hayaandikwi humo kwa kawaida; utaona /ingia basi. Huenda mtengenezaji alijitahidi sana kuyafumba maneno ya siri ndani ya hifadhidata, lakini nakala iliyo wazi imelala kwenye faili ambalo hunakiliwa kila usiku, hufunguliwa na fundi anayetafuta hitilafu, na pengine hutumwa kwa kampuni nyingine inayochambua idadi ya wageni.

Na anwani hutembea. Ukurasa ukiita picha, tangazo au programu ndogo ya kuhesabu wageni kutoka tovuti nyingine, kivinjari kinaweza kuiambia tovuti hiyo ombi limetoka ukurasa gani. Januari 2015 shirika la habari la Associated Press liliripoti kwamba HealthCare.gov, tovuti ya serikali ya Marekani ya kutafutia bima ya afya, ilikuwa ikipeleka taarifa za watumiaji kwa kampuni za matangazo na uchambuzi. Shirika la Electronic Frontier Foundation lilipoichunguza lilikuta umri, kipato, eneo la makazi, kama mtu anavuta sigara, kama ni mjamzito, vyote vimo ndani ya anwani ya ukurasa na vinafika kwa watu wa nje kwa njia hiyo. Hakuna aliyedukua kitu. Ukurasa ulikuwa ukifanya ulivyoandikwa ufanye. Tovuti ilipunguza upelekaji huo siku chache baada ya habari kutoka, na vivinjari navyo vilikuja kujirekebisha: tangu Chrome 85 ya mwaka 2020 na Firefox 87 ya 2021, tovuti ya nje huambiwa jina la tovuti tu, si anwani nzima, isipokuwa mwenye ukurasa ameamua vingine. Hata hivyo programu ya kuhesabu wageni uliyoipachika mwenyewe bado huisoma anwani yote, maana inaendeshwa ndani ya ukurasa wako.

Wapo wanaojibu kwamba tovuti yao inatumia https, kwa hiyo data ziko salama. https hufumba mawasiliano njiani: anayechungulia Wi-Fi ya hoteli haoni kilichofuata jina la tovuti, iwe GET au POST. Lakini ufumbaji huo huishia kwenye ncha mbili, kivinjari na seva, na historia ya kivinjari na kumbukumbu za seva ziko kwenye ncha hizo hizo. Vilevile POST peke yake bila https haitoshi, kwani njiani data zinasomeka. Zinahitajika zote mbili.

Kuna sura moja ya tatizo hili inayohusu sana mitandao yetu, nami nadhani haisemwi vya kutosha. Fomu nyingi za siku hizi hazitumwi na kivinjari chenyewe. Hutumwa na JavaScript, inayokizuia kivinjari kisifanye kazi yake ya kawaida kisha ikapeleka data yenyewe. Mtengenezaji anaona hana haja ya kutaja method. Akijaribu ofisini kwenye mtandao wa kasi, kila kitu kiko sawa. Mtumiaji yuko mahali ambapo mtandao unasuasua: fomu imeshaonekana, visanduku vinajazika, lakini faili la JavaScript bado halijashuka. Anabonyeza. Hakuna wa kukizuia kivinjari, nacho kinarudi kwenye desturi yake, yaani GET. Nenosiri linaingia kwenye anwani, ukurasa unajifungua upya, mtumiaji anadhani amekosea na anajaza tena. Safari hii JavaScript imefika, anaingia salama. Hatoi taarifa kwa mtu, na mstari wa kwanza umebaki kwenye kumbukumbu. Andika method="post" hata pale unapoamini haitatumika kamwe.

GET si adui. Matokeo ya kutafuta, orodha ya bidhaa zilizochujwa kwa bei, ukurasa wa tatu wa habari: hayo yanafaa kukaa kwenye anwani ili mtu aweze kuyahifadhi au kumtumia mwenzake kwa WhatsApp. Swali la kujiuliza ni kama ungekubali anwani hiyo isambazwe.

Nimeona pia fomu zilizotumia POST vizuri, kisha seva, baada ya kupokea, ikampeleka mtu kwenye ukurasa wa shukrani wenye anwani kama /asante?simu= na namba yake mbele. Kumpeleka ukurasa mwingine ni desturi nzuri, kwani huzuia fomu kutumwa mara mbili ukurasa ukifunguliwa upya. Lakini jina na namba vibaki kwenye seva, ukurasa wa pili uvichukue huko. Wengine hutumia JavaScript kufuta maneno kwenye upau baada ya ukurasa kufunguka. Macho yataridhika, ila seva imekwisha kuyaandika. Kuyageuza kuwa herufi za Base64 nako hakufichi kitu, maana yeyote anaweza kuyarudisha.

Ukishairekebisha fomu, yaliyokwisha kumwagika bado yapo. Tafuta kwenye kumbukumbu za seva mistari yenye majina ya visanduku vyako, uifute humo na kwenye nakala za akiba, angalia kama programu ya uchambuzi nayo imeihifadhi, kisha wenye akaunti husika waambiwe wazi kilichotokea na wabadilishe maneno yao ya siri.