Kabla ya kung'oa jino, uliza kama linazibika

Leo naacha mambo ya CV na kutafuta kazi, naongea juu ya meno. Najua humu kuna wengi wanaotafuna na upande mmoja tu wa mdomo. Mimi pia nilikuwaka hivyo.

Wakati naandika TFC yangu, hapa kwetu Ndosho, jino langu la nyuma upande wa kushoto lilikuwa na tundu dogo jeusi. Liliuma kidogo tu nikikunywa chai ya moto. Nikasema nitaenda kwa munganga kisha kutetea kazi. Nikawa nanunua vidonge vya maumivu, naendelea. Miezi nane ikapita. Usiku mmoja shavu likavimba, sikulala. Kesho yake jino likang'olewa. Mama akasema: «Afazali, sasa utalala.» Kweli nililala.

Mwaka uliofuata tundu lingine likatokea upande wa kuume. Safari hii nilienda mapema, na munganga wa meno akaniambia: «Hili bado liko zima, tutaliziba.» Hapo njo nilianza kuuliza maswali.

Jino linatobokaka namna gani? Ganda lake la nje ni gumu kuliko mfupa, na halina mishipa ya maumivu. Njo maana tundu likianza hausikii kitu. Vijidudu vya mdomoni vinakula sukari ya chai, ya mandazi na ya soda, vinatoa asidi, na asidi inayeyusha lile ganda. Kila ukionja sukari, kazi inaanza tena. Kwa hiyo chupa moja ya soda unayoikunywa kidogo kidogo siku nzima inaharibu kuliko ile unayomaliza pamoja na chakula.

Chini ya ganda kuna sehemu laini zaidi, dentini. Tundu likifika pale, unaanza kusikia baridi na moto. Ndani kabisa kuna moyo wa jino, wenye mishipa na damu. Kama uozo haujafika kwenye moyo, mara nyingi jino linazibika. Ukishafika, kuziba juu tu haitoshi: inabidi kusafisha mpaka ndani ya mizizi, ao kung'oa. Miezi yangu nane ilipita kati ya hizo hatua mbili.

Kuziba, ile tunaitaka plombaji, ni kuondoa sehemu iliyooza, kukausha, kujaza, na kulinganisha ili meno yakutane vizuri. Kuna vitu vitatu vya kujazia. Amalgamu, ya rangi ya fedha, ni ngumu sana, lakini karibu nusu yake ni zebaki. Mkataba wa Minamata wa 2013 ulitaka nchi zipunguze kuitumia. Kompoziti ina rangi ya jino na inagandishwa kwa taa ya buluu, lakini inataka jino kavu kabisa. Ya tatu ni simenti ya glasi-ayonoma: unga na maji yake vinachanganywa, vinashika kwenye jino vyenyewe, na vinatoa floridi polepole.

Sasa sikilizeni hii. Katikati ya miaka ya 1980, kule Tanzania, kwenye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Jo Frencken na wenzake walijaribu kuziba meno kwa vyombo vya mkono tu. Bila mashine ya kutoboa, bila umeme, na mara nyingi bila sindano. Baadaye njia hiyo, iliyoitwa ART, ikajaribiwa Thailand na Zimbabwe kwa kutumia hii simenti ya glasi-ayonoma, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza. Mwaka 2021 simenti yenyewe ikaingia kwenye orodha yake ya dawa za lazima. Kwa tundu dogo inadumu vizuri. Kwa tundu kubwa inaweza kutoka mapema. Jino langu la kuume lilizibwa hivyo, siku ambayo umeme haukuwepo.

Jambo moja la kwetu. Moshi wa Nyiragongo unabeba floridi, na inashuka na mvua kwenye maji tunayokinga. Floridi kidogo inakomaza meno. Ikizidi miligramu 1.5 kwa lita, ile kiasi ambacho Shirika la Afya Duniani limeweka, inaweza kuharibu meno ya watoto wakati yanajitengeneza bado chini ya ufizi, na yanatoka na madoa meupe ao ya kahawia. Kwa hiyo si kila doa la kahawia ni uozo. Usikubali jino ling'olewe sababu ya rangi tu.

Ukienda kwa munganga, uliza maswali matatu: Tundu limefika kwenye moyo? Linazibika? Utaziba na nini?

Pengo langu la kushoto liko pale mpaka leo. Jino la juu yake limeanza kushuka sababu halina mwenzake wa kukutana naye, na la pembeni limeinama. Pesa niliyomaliza kwa vidonge ile miezi nane ingetosha kuliziba. Kama uko na tundu leo, usingoje kutetea kazi.