Jasho la Kibarua na Siku ya Malipo

Msimu wa kupalilia mpunga unapofika katika bonde la Kilombero, watu wengi wa Mlabani na mitaa mingine ya Ifakara huenda kuuza nguvu zao katika mashamba ya wenziwao. Wengine hupatana kwa siku, wengine kwa ngwe, na wengine kwa ekari nzima. Mapatano hayo mara nyingi ni ya mdomo tu, hayana karatasi wala shahidi. Ujira hutajwa, lakini siku ya kuulipa haitajwi, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Kazi ikiisha kibarua huambiwa aje Ijumaa, na Ijumaa ikifika huambiwa asubiri mpaka mavuno.

Twapenda kulizungumza jambo hili mbele ya wasomaji wetu kwa sababu limo ndani ya nyumba zetu. Mwenye kuchelewesha ujira si kampuni kubwa peke yake. Huenda akawa baba anayesimama safu ya mbele msikitini, au mama mwenye mtumishi wa nyumbani ambaye mshahara wake wa mwezi huu hungoja mwezi ujao. Watu hawa hawakusudii kudhulumu. Husema, "Fedha yake ipo, haitapotea." Lakini je, kutopotea kwa fedha kwatosha?

Dini yetu imejibu kwamba hakutoshi. Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) ametuamuru, katika hadithi aliyoipokea Ibn Majah, tumpe mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kwamba Mwenyezi Mungu atakuwa hasimu wa watu watatu Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni yule aliyemwajiri mtu, akaipata kazi yake kamili, asimpe ujira wake. Tena Mtume amesema kwamba mwenye uwezo akichelewesha kulipa deni lake, kuchelewesha huko ni dhulma. Basi dhulma haianzi siku fedha inapokanwa. Huanza siku inapozuiliwa na hali ipo.

Tena tutazame Sura ya Al-Qasas. Nabii Musa (a.s.) aliwanywesheza wanyama wao mabinti wawili wa Madyan bila ya kudai chochote. Baba yao alipopata habari alimtuma binti yake amwite ili amlipe ujira wa kazi ile. Mzee yule hakungoja kuombwa. Na walipofanya mkataba wa kazi, muda wake ulitajwa waziwazi: miaka minane, na kama Musa akipenda kuitimiza kumi, ni hiari yake.

Wanachuoni wameligawanya jambo hili kwa uangalifu. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu twayafuata, ujira usiowekewa muda huhesabiwa kuwa ni wa papo hapo. Pande mbili zikipatana muda, muda huo ndio unaofuatwa. Kwa hiyo anayesema "subiri tuvune" baada ya kazi kwisha, na hali hakuyasema hayo kabla jembe halijashikwa, ameongeza sharti ambalo mwenziwe hakuliridhia.

Sheria ya nchi nayo haikunyamaza. Zamani za ukoloni, katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, kibarua alipewa kadi iliyoitwa kipande. Ujira wake haukutoka mpaka zitimie siku 30 za kazi. Siku aliyougua au kukosa haikuhesabiwa, hata siku 30 za kipande zikawa zaidi ya mwezi mmoja wa kalenda. Leo, katika Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yaamuru mshahara ulipwe siku iliyopatanwa, katika saa za kazi na mahali pa kazi, pamoja na maelezo ya maandishi ya malipo hayo. Mfanyakazi asiyelipwa aweza kupeleka malalamiko yake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Madai ya mshahara yapasa kufikishwa huko katika siku 60 tangu mgogoro ulipozuka. Na kama mtu amefukuzwa kazi, naye apinga kufukuzwa huko, siku zake ni 30 tu. Anayengoja ahadi ya "kesho" miezi mitatu huenda akaukuta mlango umefungwa, akalazimika kwanza kuomba ruhusa ya kuchelewa.

Sheria hiyo ina neno jingine la kuzingatiwa. Yamtaka mwajiri aandike masharti ya kazi, na asipoleta maandishi hayo mbele ya hukumu, mzigo wa kuthibitisha mapatano humwangukia yeye. Lakini kanuni hiyo ya maandishi haimhusu anayemfanyia tajiri mmoja kazi ya chini ya siku sita katika mwezi. Na huyo ndiye yule mpaliliaji wetu wa siku tatu! Hana karatasi, na ujira wake ni mdogo kuliko gharama ya kuudai. Ulinzi wake mkubwa ni ucha Mungu wa aliyemwajiri.

Madhara ya kuchelewesha hayaishii kwa mtu mmoja. Reli ya TAZARA yapita Ifakara, na wazee kwa vijana wakumbuka miaka ya 2014 na 2015, wafanyakazi wa upande wa Tanzania walipogoma kwa sababu ya mishahara ya miezi kadhaa isiyolipwa. Treni zilisimama, na wasafiri na wenye mizigo wasiokuwa na deni lolote wakapata taabu. Hali kadhalika katika mtaa: kibarua asiyelipwa hukopa dukani, muuza duka hukosa fedha ya kununua mali, na mtoto hukosa daftari.

Basi yatupasa kufanya nini? Kwanza, tutaje ujira na siku yake kabla ya kazi kuanza, nasi tuandike hata katika daftari la mtoto, mbele ya shahidi. Qurani imetufundisha katika Sura ya Al-Baqara kuandika madeni ya muda. Pili, asiye na fedha ya kupalilia ekari tano na apalilie mbili. Tatu, tusitofautishe watu. Ifakara twaishi pamoja na ndugu zetu Wakristo, na haki ya jasho lao ni sawasawa na haki ya jasho la Mwislamu. Nanyi vijana mnaokwenda vibarua, timizeni kazi mliyopatana, kisha daini haki yenu kwa adabu na kwa wakati.

Wengi wetu twakijua kisa cha watu watatu waliofungiwa pangoni na jiwe. Mmoja wao alimwajiri mtu kwa kipimo cha mchele, kama ilivyo katika mojawapo ya riwaya za Bukhari, na mtu yule akaenda zake bila ya kuuchukua. Tajiri aliupanda ujira ule, ukazaa mpaka akapata ng'ombe na mchungaji wao. Mwenyewe aliporudi alikabidhiwa vyote, hata akadhani anafanyiwa mzaha. Kwa amali hiyo tajiri yule alimwomba Mola wake, na jiwe likasogea.

Na sisi wa bonde la mpunga, tunapouweka ujira wa mtu, mikononi mwetu huzaa nini? Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wanaotoa haki kabla haijadaiwa. Amin.