Mazutu Yako na Baridi ya Mlimani

Ndugu mfanyakazi, Baraka unaijua: joto la ziwa, jasho hata usiku. Pipa la mazutu likishushwa pale ufukoni halina habari na baridi. Lakini pipa hilohilo likipandishwa hadi Minembwe, zaidi ya meta 2,000 juu ya bahari, linakuta hewa nyingine. Ziwa Tanganyika liko kwenye meta 770 hivi, na kila ukipanda meta 1,000 joto linapungua karibu digrii 6. Usiku wa Juni au Julai kule juu, kila mtu anatafuta koti.

Asubuhi trakta inakohoa, inazimika. Unasema: «Mazutu yameganda.» Pole, bwana. Kanada au Urusi, sawa: kule baridi hutoa nta ndani ya mazutu na filta inaziba. Kwetu, wa kwanza kushtakiwa ni maji.

Yameingiaje, na kizibo kimefungwa? Pipa linapumua. Mchana jua linalipasha, hewa ya ndani inatanuka na kupenya nje. Usiku linapoa, nalo linavuta hewa yenye unyevu. Unyevu huo unakuwa matone kwenye bati na kushuka chini kabisa, kwa sababu maji ni mazito kuliko mazutu. Na kama pipa limesimama wima, mvua imetuama juu yake, litavuta hata maji hayo. Pipa nusu tupu ndilo linalopumua zaidi.

Basi lilaze juu ya magogo, chini ya paa, vizibo viwili vikiwa usawa mmoja, kushoto na kulia, mafuta yakivifunika kwa ndani. Siku moja kabla ya kuchota, lisimamishe, yatulie. Mdomo wa pompi usiguse chini. Tangi la trakta lijaze jioni baada ya kazi, si asubuhi: tangi lililojaa halina nafasi ya hewa mbichi. Pipa la lita 200 lina karibu kilo 190. Usilisukume peke yako, tena na sapatu miguuni!

Sasa tuje kwenye jambo linaloua. Wako wanaowasha moto chini ya pipa «ili mazutu yaamke». Wengine wanaongeza esansi kidogo, wakisema ndiyo dawa ya baridi. Mazutu yenyewe hayatoi mvuke wa kushika moto mpaka yapashwe digrii 55 hivi, na moto wako unayafikisha hapo upesi. Esansi haingoji kupashwa. Mvuke wake unawaka hata katika nchi za theluji. Ukichanganya, mazutu yako yamekuwa na tabia ya esansi.

Unakumbuka Sange, barabara ya Uvira na Bukavu? Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka. Watu walikuja na ndoo na mabidoni. Moto ulipolipuka walikufa zaidi ya 230, na baadhi yao hawakuwa wakichota chochote: walikuwa ndani wakitazama mpira wa Kombe la Dunia.

Na wewe mama wa nyumba, sikiliza hili. Kwetu «petroli» ni mafuta ya taa. Ng'ambo ya ziwa, Kigoma, «petroli» ni esansi ya pikipiki! Jina moja, mafuta mawili, na mabidoni yanavuka ziwa kila siku. Koroboi ikitiwa esansi, hata kidogo iliyochanganywa, inalipuka mezani, watoto wakiwa wameizunguka.

Kwa hiyo kila bidoni liandikwe kwa rangi: MAZUTU, ESANSI, MAFUTA YA TAA. Chupa ya Fanta isitiwe mafuta kamwe; mtoto mwenye kiu hasomi rangi. Anayekuletea bidoni kutoka mashuani, mwulize: ni ya taa au ya pikipiki? Akisitasita, libaki nje, mbali na mbabula.