Kura ya Bahati Katika Makubaliano ya Kompyuta

Mfumo wa kompyuta nyingi zinazoshirikiana kwa kutumiana ujumbe hutakiwa kustahimili hitilafu, yaani uendelee kufanya kazi sawasawa hata baadhi ya kompyuta hizo zikizimika ghafla; kwa hilo, kompyuta zilizobaki hazina budi kukubaliana juu ya uamuzi mmoja. Hata hivyo, mwaka 1985 Michael Fischer, Nancy Lynch na Michael Paterson walichapisha uthibitisho wa kihisabati kwamba, pale ambapo ujumbe unaweza kuchelewa bila kikomo, hakuna algoriti, yaani utaratibu wa hatua za kukokotoa, yenye hatua zisizotegemea bahati inayoweza kuhakikisha makubaliano kila mara, ijapokuwa ni kompyuta moja tu inayoweza kuzimika, kwa kuwa iliyozimika na iliyochelewa hazitofautishiki.

Njia ya kukwepa kizuizi hicho, ambayo ni miongoni mwa fikra nzuri kabisa za taaluma hii, ilikuwa imeonyeshwa na Michael Ben-Or mwaka 1983: kila kompyuta hutangaza kura yake ya 0 au 1, na isipopata ishara ya wingi ulio wazi, huchagua kura mpya kwa bahati nasibu na kuanza duru nyingine. Mradi zinazozimika ni chini ya nusu, maamuzi hayapingani kamwe, na uwezekano wa kutoafikiana milele ni sifuri. Lakini duru zaweza kuwa nyingi mno kompyuta zikiongezeka. Ndiyo maana pendekezo la Michael Rabin la mwaka huohuo, la kutumia bahati nasibu moja inayoshirikiwa na wote, lina thamani kubwa.